Mnyama Mwenye Milia na Kijidudu cha Ngozi

Solange mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Odette pale kona, na najua hutarudi kabla jua halijazama, maana yule mwanamke anasuka kwa mdomo kuliko kwa vidole. Nimepata nafasi. Nimesogeza pembeni beseni la kwanga, ile mikate yangu ya muhogo, nimekaa mlangoni penye mwanga, naandika. Sitakuandikia habari ya boti, wala ya kuficha simu ukilala, wala ya kutokunywa maji ya mto. Hayo nimeyasema wiki nzima, hadi umeanza kunimalizia sentensi kabla sijafunga mdomo.

Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukila. Ulisema kesho alfajiri, kabla ya kwenda bandarini kupanda boti ya Kinshasa, utachukua pikipiki uende maporomoko kwa Papa yako, umwambie mbele ya ndugu zake wote kwamba aliyemwua kaka yako Trésor ni yeye, kwa mikono yake. Ulisema kwa utulivu, huku unatoa miiba kwenye samaki. Nikikujibu kwa mdomo, wewe unanijibu kabla sijamaliza, na tabia hiyo umeirithi kwangu, sina wa kumlaumu. Kwa hiyo nitakupa karatasi hizi ukirudi. Usome hadi mwisho, ndipo uamue kama pikipiki utaichukua au utaiacha.

Ulikuwa mdogo sana wakati ule, meno ya mbele yalikuwa bado hayajarudi. Kaka yako aliipenda ile miti iliyosimikwa kwenye maporomoko kuliko shule. Papa yako na ndugu zake wakishusha vikapu vya kutegea samaki, yeye yuko juu yao kama nyani. Kila asubuhi nilikwenda hadi ukingoni kumwita aje avae yunifomu. Wiki ile maji yalikuwa yamejaa, yanapiga kelele, sauti yangu haikumfikia. Nikapanda juu ya gogo la kwanza, nikasimama pale, nikaliita jina lake kwa nguvu zangu zote. Sisi wanawake hatupandi kule, ile ni kazi ya wanaume, lakini nilikuwa na hasira na asubuhi ilikuwa inakwisha. Aliitikia, akaja, akaenda shule nguo zikiwa zimelowa.

Kabla wiki haijaisha aliteleza palepale. Mguu ulinasa kati ya magogo mawili, mwili ukavutwa na maji. Papa yako ndiye aliyemtoa. Paja lilikuwa limevunjika vibaya, na hadi leo nikisikia mtu anavunja kuni huwa natoka nje.

Hospitalini walipitisha chuma kwenye mfupa, chini kidogo ya goti, kikaingilia upande huu na kutokea upande ule. Kwenye ncha zote mbili wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya ubao wa kitanda, na mwisho wake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga ili uuvute mguu unyooke. Ndivyo wanavyonyoosha paja mahali ambapo hakuna mashine. Muuguzi alifunga kwa kamba ya nailoni, haraka haraka, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Unamjua Papa yako na mafundo. Mtu anayefunga vikapu vikubwa kuliko chumba hiki katikati ya maji yanayobomoa kila kitu, hawezi kukaa mbele ya fundo bovu akatulia. Alilitazama lile fundo la muuguzi kana kwamba ametukanwa. Siku iliyofuata alikuja na kamba za msituni, zile za kufungia mitego, alizokuwa amezilaza mtoni usiku kucha zilainike. Akafungua nailoni, akafunga zake pande zote mbili za chuma, vidole vyake vikipita karibu kabisa na nyama. Mguu ulinyooka vizuri. Muuguzi alimsifu, na mimi nilimsifu kuliko muuguzi. Kamba zilipolegea alirudi kuzikaza, na akitoka pale alikuwa anatembea kifua mbele, amemfanyia mtoto wake kitu ambacho daktari hakukiweza.

Hiyo ndiyo hesabu uliyoipiga wiki hii ukipanga nguo zako: maji ya mto, kamba mbichi, vidole, tundu la chuma. Ni hesabu nzuri. Mwalimu wako wa maabara angeipenda.

Lakini kuna jambo moja umelipita. Homa ilipoanza, walichukua usaha kidogo pembeni ya chuma wakaupeleka maabara. Docteur alikuwa kijana, mpole, alinijia na jibu akitabasamu. "Mama, usiogope," alisema. "Ile microbe tuliona iko ku ngozi ya kila mutu. Ni uchafu tu, haiko ugonjwa." Nilimshukuru. Nikamshukuru na Mungu. Tukangoja homa ishuke, wakampa vidonge vya malaria, na kila siku ilikuwa inapanda. Alipokuja mara ya pili hakutabasamu. Alivuta kiti, akakaa, akatazama sakafu. "Kumbe ilikuwa yenyewe," alisema. Wakati huo ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na Trésor alikuwa ananiita kwa jina la bibi yake.

Sikujua la kufanya na maneno hayo. Niliyabeba miaka yote, kijidudu cha ngozi, bila kujua ni kitu gani, hadi ulipoanza shule ya maabara na mwalimu wa biolojia akawaambia kila mmoja achague viumbe viwili visivyofanana kabisa, avilinganishe. Wengine walichukua mamba na kipepeo. Wewe, kwa kichwa chako kigumu, ukachukua mnyama ambaye hayupo tena duniani na bakteria inayoishi kwenye kwapa langu. Ulinisomea kazi yako hapahapa mlangoni nikiwa nafunga kwanga kwenye majani, na ulikasirika kwa sababu hukuona kama nasikiliza. Nilisikiliza kila neno.

Ulisema yule mnyama alifanana na mbwa, mgongoni ana milia, tumboni ana mfuko wa kulelea watoto, na mdomo wa mfuko umetazama nyuma. Aliishi kwenye kisiwa kimoja kusini ya Australia. Wafugaji wakipoteza kondoo walisema ni yeye. Mbwa wao wenyewe walikuwa wanakula kondoo, wezi walikuwa wanachukua, baridi ilikuwa inaua, lakini mwenye milia ndiye aliyekuwa mgeni machoni mwao. Serikali ikatoa zawadi kwa kila mzoga. Kulikuwa na picha yake akiwa na kuku mdomoni, ikasambaa, na wengine wanasema mnyama wa kwenye picha alikuwa ameshakufa, amejazwa majani, kuku kawekewa tu. Baadaye watu walitazama mataya yake wakasema hayakuwa na nguvu ya kumwangusha kondoo mzima. Sheria ya kumlinda ilipotoka, alikuwa amebaki mmoja kwenye kizimba, naye akafa usiku wa baridi, nje ya chumba chake cha kulala.

Halafu ukageuza ukurasa. Bakteria haina mfupa, haina milia, haizai, inajigawa tu. Iko kwenye vidole vya askofu na vya mwizi. Juu ya ngozi inatusaidia, inakalia nafasi ili mbaya zaidi zisikae. Ikikuta chuma ndani ya mwili inajishikiza pale, inajifunika utelezi, na dawa haiifikii tena.

Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu kwamba viumbe hawa hawana kinachowaunganisha, kazi haina maana. Wewe ulilia. Mimi niliendelea kufunga kwanga, na nilikuwa nimeshaelewa kilichotupata. Kondoo alipokufa, walimwona mwenye milia hata mahali ambapo hakufika. Bakteria, watu wa hospitali waliiona kwa macho yao, kwenye kioo cha maabara, wakaiacha ipite kwa sababu wameizoea. Sikukuambia siku ile. Ulikuwa na hasira na mwalimu, sikutaka kukuongezea.

Baada ya matanga, ukoo wa Papa yako ulinikalisha uani, kutafuta aliyemloga Trésor. Unakumbuka viti, uliwahi kuniambia unakumbuka viti. Dada yake mkubwa, Tantine Marceline, ndiye aliyekuwa anauliza, na kando yake mwanaume mmoja wa maombi ambaye sikuwahi kumwona. Mimi ni mtu wa Yanonge, nilikuja kwao kwa ndoa, na mtoto mwanamume wa pekee alikuwa amekufa. Walikuwa na picha yao ya kuku mdomoni. Niliambiwa nilionekana nimesimama juu ya magogo ya wanaume, nikimwita mtoto.

"Nilimwita aende shule," nilisema.

"Uliita jina yake juu ya mayi," Tantine alijibu. "Mayi ilisikia."

Nilikataa asubuhi nzima. Nilieleza habari ya chuma, habari ya homa, habari ya microbe iliyo kwa kila mtu. Yule mwanaume wa maombi akasema kitu kilicho kwa kila mtu hakiwezi kuchagua mtoto mmoja, lazima kuna aliyekituma. Papa yako alikaa kwenye benchi, anasokota kipande cha kamba, hakuinua uso. Mchana nilisema ndiyo, ni mimi. Walipomgeukia aseme neno, alisema tu kwamba mwenyewe amekubali. Jioni nilikuwa barabarani na wewe mgongoni na sufuria mbili, tunaelekea huku Mangobo kwa shangazi yangu. Pale maporomoko nilikuwa Mama Trésor. Huku wakaanza kuniita Mama Solange, na sikuwasahihisha.

Nimefanya makosa mengi maishani, Solange, lakini ile ndiyo niliyoisema imekuwa na watoto. Kwanza nilianza kuiamini. Mtu akitamka jambo mbele ya watu wengi, linarudi kumtafuta. Miezi mingi nilikuwa naogopa kukubeba ukiwa na homa. Nilikuwa nakaa mbali na watoto wa majirani, nikisingizia moshi. Niliwaza labda kweli kuna kitu kilitoka kinywani mwangu siku ile kikaenda na maji. Nilikuwa mwanamke mzima, nimesoma hadi darasa la sita, najua kuandika kama unavyoona, na nilikuwa naiogopa sauti yangu.

La pili ni baya zaidi. Mvua zilizofuata, mtoto wa Mama Albertine, mke wa mdogo wake Papa yako, alikufa kwa homa. Mama yake unamkumbuka, alikuwa anakupa ndizi. Walimkalisha kwenye viti vilevile. Alikataa. Alikataa siku nzima na siku ya pili, na nilisikia walichomwambia: hata Mama Trésor alianza kwa kukataa. Kukubali kwangu ndiko walikokuwa wanamwonyesha. Aliondoka na beseni kichwani kwa barabara ya Bafwasende, akaenda kuwapikia wachimba dhahabu, akafia huko msituni. Hakuna anayejua kaburi lake. Nimemwombea kila Jumapili, na sijisikii vizuri zaidi.

Ndiyo sababu naogopa safari yako ya kesho. Hujaenda kwao kukaa tangu ukue, unaenda kuchukua samaki anaokupa Papa yako na kurudi. Mimi nasikia sokoni. Samaki wamepungua. Papa yako amezeeka, mikono inamtetemeka, kikapu chake kimewahi kuchukuliwa na maji, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Mwezi uliopita wamezika mjukuu wa Tantine Marceline, na vijana wameanza kusema kuna wazee ambao wanakula wenzao ili waishi. Mtu aliyenisimulia alitaja majina. La Papa yako lilikuwemo.

Sasa wewe ufike pale alfajiri, binti yake wa damu, mwenye diploma, umevaa vizuri, useme mbele yao wote kwamba mikono ya Papa ilimwua mtoto. Unadhani watasikia bakteria? Utawaeleza utelezi unaofunika chuma? Wao watasikia mikono. Watasema hata shule imethibitisha. Utakuwa kwenye boti unakaribia Isangi, na yeye atakuwa amekalishwa kwenye kiti.

Simtetei. Tusielewane vibaya. Nilimpenda, na kwa kile kichwa alichokiinamisha kwenye benchi sijamsamehe, na sitegemei kumsamehe. Hilo la kunyamaza ni lake. Alilifanya akiwa anajua, alikuwa na mdomo na hakuutumia. Ukitaka, siku moja, mkiwa wawili tu, mwulize. Mimi mwenyewe ningependa kusikia atasema nini. Lakini la homa si lake, na ukimpa lisilo lake atalibeba, maana nina hakika usiku analibeba tayari bila kujua jina lake.

Huko Kinshasa utakaa mbele ya darubini kazi yako yote. Sijui lolote la darubini. Najua tu yule docteur kijana alikuwa mpole, hakuwa mvivu, na alikosea kwa sababu alichokiona alikuwa amekiona tangu asubuhi kwa watu wengine ishirini ambao hawakuwa na shida. Siku ukichoka, na kwenye kioo ukaona kile unachokiona kila siku, tafadhali uliza mgonjwa ana nini mwilini, kabla hujaandika ni ngozi. Hilo tu ndilo nililonalo la kukupa kuhusu kazi yako.

Sasa niseme la mikono, ambalo nilitaka kufa nalo. Usilifanye mzigo. Nimelitafakari tangu jana na nimeona nikilinyamazia utapanda pikipiki.

Ulisema aliyeua ni aliyegusa karibu na chuma. Basi tuwataje wote, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba iko kwa kila mtu na haiandikwi jina la mwenyewe. Papa yako alifunga kamba. Muuguzi alibadilisha kitambaa, siku nyingine bila glavu kwa sababu hazikuwepo. Mimi nilimwosha mguu kila asubuhi, na pembeni ya tundu nilipangusa kwa pindo la kitenge changu.

Na wewe. Hukumbuki, nimekupima kwa maswali mara nyingi na naona hukumbuki. Ulikuwa unalala hospitalini pamoja nasi, sikuwa na wa kukuachia. Usiku ulikuwa unapanda kitandani kwake, upande wa mguu mzima. Chuma kilikuwa kinamwasha sana. Alikuwa anakuomba umkune, nawe ulimkuna kwa kidole chako kimoja, polepole, kuzunguka lile tundu, hadi apate usingizi. Nilikuwa nakuona. Sikukukataza, kwa sababu ni wakati huo tu alikuwa anaacha kulia. Ilitoka kwa nani kati yetu, hakuna mtu duniani anayejua wala atakayejua. Usije ukaniambia ni wewe. Ulikuwa unamtunza kaka yako, kama Papa yako alivyokuwa anamtunza.

Umeniuliza tangu utotoni kwa nini nilikubali mbele ya wale watu, na siku zote nimekujibu kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini mchana ule Tantine Marceline alikuwa ameacha kuniuliza mimi. Alisimama, akageukia uani ambako watu wote walikuwa, akauliza, "Nani alikuwa anamugusa mutoto usiku?"

Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jiko, umevaa gauni la matanga lililokuzidi. Ulikuwa mwanafunzi mzuri, swali unalolijua ulikuwa huliachi lipite. Ulikuwa umeanza kuinua kidole, kama darasani.

Nikasema ni mimi.

Mama yako